Almasi za Kwenye Simu ya Kaka

Kaka yangu alimkuta mchungaji wake wa ng'ombe anamwaga maji kwenye birika, akampiga mpini wa jembe begani kabla hajamwambia neno. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, napepeta alizeti. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikamwona mtu mzima mwenye wajukuu yuko chini, ameinua mkono kukinga kichwa. Pigo la pili likatua kwenye mkono huo huo. Mlio wa mfupa niliusikia kutoka pale nilipokuwa.

"Pesa zangu ziko wapi?" kaka akamuuliza.

"Pesa zipi, mzee?"

Kaka akampiga mdomoni.

Tulikuwa tunaishi kijiji cha Mkiwa, Singida, mimi na kaka, mke wake na binti yao wa darasa la nne. Kaka alikuwa ameuza mtamba mnadani, pesa akaziacha kwenye simu zingoje siku ya kununua mabati. Asubuhi ile alikwenda kwa wakala kuzitoa, wakala akamwambia salio halitoshi. Kwa alivyojua yeye, namba ya siri waliijua yeye na mchungaji tu, kwa kuwa mchungaji ndiye aliyetumwa mara nyingi kutoa hela ya dawa za mifugo. Hakutafuta zaidi ya hapo. Alirudi nyumbani moja kwa moja, akachukua mpini.

Kaka alikuwa anapiga kelele za mwizi, na pale njia panda jirani na kwetu neno hilo likisikika watu hawakawii. Vijana wa bodaboda waliingia uani wakikimbia, mmoja ameshaokota tofali. Mwingine, ambaye namfahamu tangu anabebwa mgongoni, alikuwa ameinama kwenye pikipiki yake anachomoa mpira wa petroli. Nilipoona hivyo nilikimbia nikamlalia mchungaji. Tofali likanipata nyongani. Damu ya mdomo wake ilikuwa inanitiririkia shingoni, naye ananiambia taratibu, "Dada, sijachukua."

Binti wa kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alisema kitu, hakuna aliyesikia. Akarudia kwa nguvu.

"Baba, ni mimi. Nilinunua almasi."

Watu wakamgeukia.

"Almasi gani?" kaka akauliza.

"Za kwenye mchezo. Kwenye simu yako."

Kaka aliinua mpini ule ule akaanza kumwendea. Sijui nilinyanyukaje na nyonga ile. Nilimshika kiuno, akanipiga kiwiko usoni, tukaanguka wote kwenye matope ya birika. Nikamng'ata mkono mpaka akauachia mpini. Wifi alimvuta mtoto ndani ya stoo, akaweka komeo. Kaka akaupiga teke ule mlango mpaka ubao ukapasuka, mtoto anapiga kelele ndani, na wale vijana waliokuja kuua wakaanza kuondoka mmoja mmoja, hawatutazami. Komeo halikuachia, mwishowe kaka akachoka akakaa chini. Kijana aliyebaki ni yule wa petroli. Alirudisha mpira mahali pake, akampakia mchungaji, mimi nikakaa nyuma kumshikilia, tukaenda hospitali.

Kaka alikamatwa jioni, akalala ndani. Baadaye wazee wa pande zote mbili walikaa, akatakiwa kulipia matibabu na kutoa ng'ombe. Alitoa. Mchungaji aliporuhusiwa alirudi kwao Mtinko, na mkono wake haukunyooka tena. Siku ya kuondoka alimwambia kaka neno moja tu: "Ungeniuliza."

Majirani walinishauri mtoto achapwe ili akome. Nikawaza amekwisha kuona kipigo cha kumtosha. Nilingoja uso wangu upungue uvimbe, nikamwita barazani nikiwa na simu mkononi.

"Nionyeshe ulivyofanya."

Akafungua mchezo. Ni wa kupigana bunduki. Alikuwa anauawa kila mara, akaambiwa kwamba mwenye almasi anapata kinga na nguo ya chuma. Namba ya siri aliijua kwa kumtazama baba yake akiibonyeza wakati wa kula.

"Ulijua ni pesa?"

"Nilijua ni namba, shangazi. Kama bando. Likiisha baba anaweka, linarudi."

Hapo nilielewa kwamba hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumweleza. Pesa aliyoijua yeye ni ile anayopewa kwenda dukani, ya kukunja kiganjani. Nikamfungulia ujumbe wa malipo, nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma wa kwanza, akasoma wa pili, sauti ikaanza kukatika.

"Zilikuwa za nini hizo?"

"Za mtamba mweusi."

"Mtamba yuko wapi?"

"Tulimuuza."

"Na pesa yake?"

"Imeenda kwenye nguo ya chuma," akasema. Kisha akauliza kama tukiirudisha ile nguo watatupa pesa. Tuliipeleka simu kwa fundi wa Singida mjini, akawaandikia wenye mchezo, wakajibu kwamba haiwezekani. Fundi akaweka kufuli kwenye malipo, na akamfundisha mtoto kutambua kitufe kinachokula pesa, kinavyopambwa rangi ili kidole kikifuate. Mtoto alisikiliza kuliko anavyosikiliza darasani. Aliporudi alimweleza baba yake yote, amesimama mbali naye, karibu na mlango. Kaka alisikiliza akitazama chini.

Baada ya mavuno mtoto aliniomba nimpeleke Mtinko. Mchungaji alikuwa anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Mtoto akapiga goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Babu, nimekuja kuomba msamaha."

Mchungaji alimtazama, akasogeza ungo akamfanyia nafasi ya kukaa. "Wewe ni mtoto, nimekusamehe. Baba yako mwambie asije hapa."

Walipukuchua pamoja, mimi nikawasaidia, mpaka gunia likajaa. Tulipofika nyumbani, kaka alikuwa zizini peke yake anafunga ndama, akauliza wametupokeaje. Binti alimfikishia ule ujumbe kama alivyopewa, hakupunguza kitu. Kaka akaitikia, akaendelea kufunga ile kamba, na fundo lilimshinda mara kadhaa.