Kidole gumba kwenye kioo cha tanuri

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Ma Sun-deok ananusa watu.

Wamejipanga mbele ya mlango wa chumba cha kuvalia cha kiwanda cha chipu za kompyuta, vijana ishirini na wanne walioajiriwa juzi, naye anawapitia mmoja mmoja. Huyu kapaka mafuta ya nywele. Yule kavuta sigara kule maegeshoni na kudhani peremende itamsitiri. Msichana wa nne ana kope za bandia. Sun-deok anamtazama tu, na msichana anazibandua mwenyewe na kuzifunga kwenye karatasi.

"Mikono juu," anasema. Anaikagua kiganja kwa kiganja, halafu anauliza, "Jana nani katia kabeji chumvi?"

Wanacheka. Ni Novemba, mji mzima wa Icheon unanuka vitunguu saumu na pilipili, na ni nyumba chache zisizo na beseni la kabeji linalosubiri kugeuzwa kimchi, achari iliyochacha ya kula majira yote ya baridi. Mikono mitatu inabaki juu. Wenye mikono hiyo wanatolewa kwenye mstari: kwa siku tatu watashika makaratasi, hawatagusa chipu.

"Mwalimu, mbona nimenawa mara kumi?" mmoja analalamika.

"Hata mimi nilinawa," anajibu, na kumfungia mlango.

Swali hilo la kabeji ameliongeza wiki tatu zilizopita. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa mavazi kama walimu wengine, mama wa miaka hamsini na mitano anayewafundisha watoto wa watu kuvaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa, buti na glavu mbili mbili bila kugusa upande wa nje. Anaijua kazi hiyo kiasi kwamba mumewe humtania kuwa siku akifa atajivisha sanda mwenyewe. Mshahara wake ni won milioni tatu na laki moja kwa mwezi, ambao hapa haumtajirishi mtu wala haumlazi njaa.

Kilichotokea wiki tatu zilizopita, hadi leo akikisimulia, mkono wake wa kushoto hujificha mfukoni wenyewe.

Siku hiyo hakuwa anafundisha. Alikaa nyuma darasani, na Injinia Gu Tae-rim, binti mchangamfu aliyepewa kazi ya kufungua maboksi ya zamani na kuziingiza ripoti kwenye kompyuta, alikuwa akiwaonyesha waajiriwa wapya vituko vya kiwanda. Picha ya kwanza ilikuwa ya nzi aliyekutwa ndani ya mashine. Wakacheka. Picha ya pili ilikuwa ya chanja.

Chanja hiyo ni ya kioo kigumu. Ndiyo inayobeba kaki za silikoni, zile sahani nyembamba zinazokatwa kuwa chipu, kuingia nazo kwenye tanuri. Kioo hicho kina tabia moja mbaya. Ukikishika kwa mkono mtupu na kukitia motoni, chumvi ya ngozi yako inakiunguza, na alama ya kidole inatoka nyeupe palepale uliposhika. Haifutiki tena.

Tae-rim akaikuza picha ikajaa ukuta mzima. Kidole gumba cha kushoto, cheupe kama unga, kila mstari ukionekana, na katikati kovu la mshazari lenye alama mbili za kushonwa.

"Huyu dada au kaka alitugharimu kaki mia sita," Tae-rim akasema. "Jumatatu, Novemba ishirini na saba, mwaka themanini na tisa. Maabara ilikuta chumvi nyingi kupita jasho la binadamu, na haikukuta hata chembe ya poda. Nadhani alitoka kutia kabeji chumvi. Mnaona utamaduni wetu ulivyo na nguvu?"

Darasa likacheka tena. Sun-deok hakucheka. Alikigeuza kidole chake gumba juu ya meza na kukitazama. Lile kovu alilipata akiwa na miaka tisa, mundu ulipomteleza shambani kwa baba yake kule Haenam, na mganga wa zahanati akamshona nyuzi mbili.

"Kwanza nilijidanganya," anasema. "Nikajiambia, kovu ni kovu tu, watu wengi wanayo. Nikatazama ukutani, nikatazama kidole. Nikatazama tena. Nilitamani sana kiwe cha mtu mwingine."

Laiti ingekuwa kaki mia sita tu. Kiwanda kimeharibu nyingi zaidi ya hizo na bado kimesimama. Kilichomwondolea nguvu Sun-deok ni neno lile moja, poda. Kwa kosa hilo hilo, la siku hiyo hiyo, alifukuzwa mtu mwingine, na shahidi alikuwa yeye.

Ili kuelewa, turudi mwaka ule. Kiwanda kilikuwa majengo mawili katikati ya mashamba ya mpunga, na vyura waliingia hadi kwenye baraza ya bweni. Nchi ilikuwa imechelewa kuingia katika biashara ya chipu za kumbukumbu, na wenzao wa ng'ambo ya bahari walisema wazi kwamba walaji wa kimchi hawaiwezi kazi hii. Maneno hayo yaliandikwa kwa wino mwekundu na kubandikwa ukutani kwenye bwalo, wasichana wayasome kila wakila. Nao wakala hasira pamoja na wali.

Leo chipu ni karibu moja ya tano ya vitu vyote ambavyo nchi inauza nje. Majengo yamemeza mashamba, na vyura sasa wako kwenye picha za ofisini. Wakuu wakisimulia ukuaji huo hutaja mitaji na mashine. Sun-deok anataja wasichana wa miaka kumi na minane waliotoka mashambani, waliofundishwa kushika kitu rahisi kuvunjika kuliko gamba la yai kwa zamu nzima ya saa nane bila kujikuna pua.

Aliyemfundisha yeye alikuwa Pyo Yang-ja, aliyemzidi miaka mitatu. Walilala chumba kimoja, magodoro yakigusana. Yang-ja alikuwa na kicheko kikubwa na mikono mepesi kuliko wote katika mstari wa tanuri, na mshahara wake, won laki mbili na elfu ishirini, ulimsomesha mdogo wake wa kiume chuo. Sun-deok alimwita dada, na hakumwita hivyo kwa heshima tupu.

Kila Novemba wasichana wa bweni waliitana kumsaidia mpishi kutengeneza kimchi. Hakuna aliyekosa, maana kukosa siku ya kimchi ni kama kukosa msiba. Jumapili ile walitia chumvi kabeji mia tisa, chumvi ya mawe ya baharini, hadi ngozi za vidole zikapasuka. Mmoja tu hakuwepo. Yang-ja alikuwa amepaka poda, akavaa koti la kuazima na kwenda mjini kuonana na kijana fulani mkahawani.

Jumatatu wakaingia kazini. Glavu za siku zile zilikuwa pana na zenye utelezi, na kadi za karatasi zilizoambatana na kila chanja zilikuwa zikigandana. Sun-deok alikuwa na ujanja wake: anaivuta glavu ya kushoto chini, anatenganisha kadi kwa kidole gumba, anairudisha glavu. Mambo ya sekunde mbili. Siku hiyo aliishika chanja kabla glavu haijarudi, wala hakutambua. Wengi walifanya hivyo, na wasimamizi walijifanya hawaoni kwa sababu kazi ilikwenda haraka.

Kaki zikatoka tanurini zikipendeza. Siku ya tatu zikapimwa kwenye joto, na chipu zikaanza kusahau. Unaziwekea kitu, ukirudi hazikijui. Kwa chipu ya kumbukumbu hakuna fedheha zaidi ya hiyo.

Meneja alihitaji mtu kabla ya jua kuzama. Wakapekua makabati, na kwenye kabati la Yang-ja wakakuta kikebe cha poda, kitu kilichokatazwa kwa sababu chembe zake huharibu kaki. Akaitwa Sun-deok, mwenzake wa chumba.

"Akaniuliza, umemwona akijipaka? Nikasema nimemwona. Ni kweli nilimwona. Alijipaka Jumapili," anasema Sun-deok. "Lakini meneja hakuuliza siku gani, na mimi sikuitaja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliogopa ningeonekana namtetea."

Yang-ja aliondoka alasiri ile ile na begi moja. Hakulia wala hakuuliza nani kamsema. Alimwachia Sun-deok blanketi lake kwa sababu la Sun-deok lilikuwa jepesi. Wiki mbili baadaye maabara ikatoa ripoti yake. Mtu akaisoma, akaifunga, na boksi likakaa miaka thelathini na sita.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tusemavyo. Kwa Yang-ja mambo yalipinduka: katika bweni zima ni yeye peke yake ambaye mikono yake Jumatatu ile haikuwa na chumvi, na ni yeye aliyebeba mzigo wote. Mwandishi wa habari hizi alipoelezwa jambo hili aliweka kalamu chini.

Baada ya darasa lile Sun-deok alimfuata Tae-rim na kumwekea kidole mezani. Binti wa watu alikitazama, akafungua picha kwenye kompyuta, akakitazama tena, na kicheko chote kikamwishia. Alianza kuomba radhi. Sun-deok akamwambia asiombe radhi, aangalie tu kama ripoti inalitaja jina la Yang-ja. Ripoti haikulitaja.

Nyumbani mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alimsikiliza akimenya vitunguu saumu.

"Mama Da-hui, ni mambo ya kale hayo," akasema. "Ukimpigia leo unampunguzia yeye mzigo, au unajipunguzia wewe?"

Swali hilo lilimkera Sun-deok siku nne nzima, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Siku ya tano alipata namba kupitia mwanamke waliyeishi naye bwenini. Yang-ja yuko Yesan, ana mgahawa mdogo wa tofu wa meza sita. Sun-deok alipiga simu adhuhuri, akiwa amesimama, na akasema yote kwa pumzi moja: chanja, kovu, glavu, kabeji. Akasema pia kwamba aliyemtaja kwa meneja ni yeye.

Upande wa pili sufuria ilikuwa ikichemka. Ikazimwa.

"Kumbe," Yang-ja akasema mwishowe. "Mimi nilijua ni mimi."

Sun-deok hakuelewa.

"Nilijua ni poda yangu. Nilisema labda ilibaki masikioni, labda kwenye nywele. Nikasema nimeiangusha nchi kwa ajili ya mwanamume ambaye wala hakuja." Akaongeza: "Tangu siku ile sijaipaka, Sun-deok. Hata siku ya harusi yangu. Mama mkwe aliniuliza kama naomboleza."

Kisha simu ikakatika.

Sun-deok anasema alikaa chini sakafuni, jikoni, na hakuwa na chozi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Aliwahi kumwaza Yang-ja akimchukia, na akazoea kumwaza hivyo. Kwamba mwenzake ameishi miaka thelathini na sita akijichukia mwenyewe, uso mtupu, kwa kosa la kidole cha mtu mwingine, hilo halikuwahi kumpitia akilini. "Kikulacho ki nguoni mwako," anasema taratibu. "Mimi nafundisha watu kuvaa nguo."

Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisi ya utumishi. Aliomba barua ya kumsafisha Yang-ja. Wakamwambia mambo ya mwaka themanini na tisa hayana dawati. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na Tae-rim akawa anakwenda naye, ripoti mkononi. Kwa kuwa simu zote zinabandikwa kibandiko kwenye kamera mlangoni, hakuna picha wala nakala inayotoka kiwandani bila idhini, hivyo Sun-deok hakuweza kumpelekea Yang-ja ile picha. Siku ya sita wakapewa karatasi moja yenye mhuri na mistari minne. Mstari wa tatu unasema Pyo Yang-ja hakuhusika na uharibifu wa Novemba 27, 1989.

Barua haisemi nani alihusika. Sun-deok aliuliza kama wanaweza kuongeza jina lake, na ofisa akamtazama kama mtu aliyeomba kufukuzwa. Basi akalitaja mwenyewe, darasani. Kila asubuhi sasa, baada ya kunusa na kukagua, anawaonyesha waajiriwa wapya ile picha ya ukutani, halafu anaweka kidole chake kando yake. Siku ya kwanza hakuna aliyecheka, na kijana mmoja aliuliza kama yule mwingine alisamehe.

"Sijui," alimjibu. "Vaa kofia yako."

Kwa wiki mbili Yang-ja hakupokea simu wala kupiga. Sun-deok alipanga hata hivyo kwamba Jumapili hii atapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Yesan na barua yake. Akifungiwa mlango ataipenyeza chini na kurudi. Katika mkoba ameweka pia kikebe cha poda, kipya, alichonunua akiwa hana hakika kama atakuwa na ujasiri wa kukitoa.

Jana mchana, akiwa kwenye foleni ya bwalo, simu yake ikatetema. Ulikuwa ujumbe kutoka namba ya Yesan. Aliusoma, akatoka kwenye foleni bila chakula, akaenda kusimama kwenye ngazi.

Anautoa mkono wa kushoto mfukoni ili amwonyeshe mwandishi ujumbe huo kwenye simu. "Jumapili natengeneza kimchi, kabeji mia na ishirini, mgongo wangu hauwezi," ameandika Yang-ja. "Njoo. Na glavu usivue."