Papa Aliposema Yuko Moba

Juzi nilipita mbele ya Bunge la jimbo siku ya kumchagua gavana. Wabunge walishuka wote kwenye gari moja, macho chini, na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ikanijia puani ingawa soko liko mbali.

Nilipokuwa msichana mdogo, Papa alikuwa mbunge wa jimbo. Kura kama ile ilipokaribia, alijificha kando ya ziwa, kwa dada yake mama, tuliyemwita Mama Mukubwa. Aliniambia, "Mutu yeyote akikuuliza, sema niko Moba," mji ulio mbali na kwetu.

Alasiri moja gari lilisimama mlangoni petu. Mwanaume aliyenukia manukato akachuchumaa mbele yangu.

"Mutoto muzuri, gavana wetu wa kesho anamutafuta Papa yako. Iko wapi?"

Nilidhani gavana huwatafuta watu ili awape zawadi, kama mkurugenzi wetu wa shule mwisho wa mwaka. Nikapanda garini, nikamwonyesha yeye na wenzake njia.

Papa alikuwa kifua wazi, akigeuza ndagala juani. Hakuwatazama wale watu. Alinitazama mimi, akajifuta mikono, akaomba shati lake.

Sasa najua kwamba wapo wagombea wanaowafungia wabunge mahali pamoja mpaka saa ya kura. Papa alimpigia kura yule asiyemtaka; nilimsikia akimwambia mama. Mimi hakunigombeza hata mara moja. Ila tangu siku ile, kila alipotoka nyumbani, hakuniambia tena anakwenda wapi.