Msafara Uliokwama Malagarasi

Mimi ni msafiri mkubwa, ila mtaani kwetu Ipuli, hapa Tabora, sitoki. Wakati huo nilikuwa naifuata njia ya zamani ya misafara, Tabora hadi Ujiji, picha kwa picha, kwenye kompyuta kuukuu ya dada yangu. Kila kituo nilikiacha wazi kwenye ukurasa wake, nisije nikapotea.

Mpwa wangu alikuwa ameifungia kompyuta hiyo moja skrini mbili na kibodi mbili, tukawa tunaketi bega kwa bega. Siku hiyo alikuwa anasafisha sauti za wimbo wa kwaya ya Bukene, kazi yake ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alikuwa anaondoka na treni ya jioni. Akiondoka mikono mitupu, kazi ingekwenda kwa mwingine.

Wimbo ukaganda.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba." Akiniamkia mara ya pili siku moja, najua nina kesi.

"Umefungua kurasa ngapi?"

"Chache tu. Na zimelala, hazili nafasi."

"Zinakula zikiwa zimelala! Memori ikijaa, kiini cha mfumo, kile kinachogawa nafasi, kinanyang'anya vitu vilivyokaa bila kuguswa, na kila anayeomba nafasi anasimamishwa. Wewe umeomba gunia, mimi kibaba, tunasubiri sawasawa."

"Si ndiyo haki hiyo?"

Akanitazama. "Mama anakupaga mfupa kwa nini?"

Kwetu tunakula bakuli moja, na mkono wangu ni mwepesi. Dada hanikatazi, hunipa mfupa mapema, na wakati nahangaika nao wenzangu wanaifikia nyama. Miaka yote nilidhani ni heshima ya kaka mkubwa.

"Zifunge basi hizo kurasa zako."

"Nipoteze njia? Nimeshafika mto Malagarasi!"

"Haya, chukua mfupa." Akaandika maagizo mafupi: kurasa zangu zikawekewa kipimo chao cha memori. Zikikizidi, zinyang'anywe na kucheleweshwa zenyewe, wimbo usiguswe.

Kwaya ikaanza kutiririka. Kwangu, daraja la Malagarasi likashuka mstari kwa mstari, kama ndiyo kwanza linajengwa. Nikalalamika, akaongeza sauti.

Akamaliza, akapanda bodaboda mbio hadi stesheni. Aliporudi nilikuwa bado sijavuka.

"Mwalimu ameupokea wimbo dirishani, treni inapiga honi. Wataleta nyimbo nyingine. Nikuondolee kipimo, mjomba?"

"Kiache," nikasema. "Ila leo mezani nataka nyama."

Usiku dada alinipa mfupa.