Jina la Baharia Ukingoni

Harufu ya ukwaju uliolowekwa hunirudisha jikoni kwetu, ghorofa ya tisa, Rexdale huko ughaibuni, mwaka nilipokuwa na miaka kumi. Kila Jumamosi Mama alikuwa na meza ya mitumba sokoni, na imani yake ilikuwa moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mzee mmoja wa Kizungu alipookota medali mbili nyeusi kwenye mkebe wetu wa sarafu na vifungo vya kila aina, akaomba awekewe wiki moja, Mama alinikabidhi ukwaju na waya wa kusugulia masufuria. "Zisugue kama vyombo vya Idi, mwanangu." Nilizisugua mbele, nyuma na ukingoni. Mara mbili, maana kazi ya mara moja mimi siiamini.

Jumamosi mzee akarudi na lenzi. Babu wa babu yake, alisema, alikuwa baharia. Medali moja alipewa kwa kutumika vitani, ya pili kwa kujitosa baharini, kamba kiunoni, kuwaokoa watu wa meli iliyovunjika. Baba yake aliziuza zote enzi za dhiki, naye amezitafuta tangu ujanani. "Jina limechongwa ukingoni," akasema. Nikaukumbuka ule waya wa masufuria.

Akaizungusha ile ya vita. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Ukingo ulikuwa laini kama kijiko. "Za namna hii walipewa maelfu. Bila jina, ni ya yeyote." Akaiweka chini. Ile ya uokoaji, shaba nene, akaizungusha polepole zaidi, akasimama, akairudisha nyuma kidogo. Midomo yake ikasoma herufi moja moja hadi mwisho. Kisha, bila kuinua kichwa: "Nani alizisafisha?" Nilifungua mdomo. Mama, ambaye hakuwahi kushusha bei kabla ya kuapa mara tatu, akanikanyaga mguu. "Mimi," akasema. "Ichukue tu hiyo yenye jina. Leo hakuna bei."

Siku hizi meza ni yangu, na sisafishi kitu. Vumbi nalo nauza. Majuto ni mjukuu, na wangu anakaa kwenye kisanduku cha kioo. Wateja huuliza bei ya medali isiyo na jina. Haiuzwi, nasema. Huongeza dau. Haiuzwi, narudia. Nikianza kueleza nani aliyelifuta jina, Mama, aliyeketi kando yangu na fimbo yake, bado hunikanyaga mguu.