Ulipomfumulia Mtu Ndipo Umshonee

Ninyi vijana mtakaosoma haya, na hasa ninyi mnaoshinda mbele ya kompyuta mkiandikiana na watu msiowajua hata sura, kaeni vizuri mnisikilize. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo kompyuta sitawafundisha. Nitasema habari ya ulimi, ambao hauhitaji umeme.

Ipo siku moja ya usichana wangu ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilikuwa kwetu Kibuta, Kisarawe, na wanawake walikuwa wakikutana barazani kwa mama yangu kusuka ukili. Kama hujui ukili, mwanangu, ni ule mkanda mrefu wa miyaa. Mikanda mingi ikishonwa pamoja ndiyo inakuwa mkeka. Mkeka mkubwa hausukwi na mtu mmoja. Huyu analeta ukili wake, yule wake, na wote lazima upana ulingane. Kwa hiyo walikosoana kutwa nzima: huu wako umepinda, huu wako una chane nene za miyaa. Na hawakugombana, maana walikuwa na utaratibu mmoja. Kazi ya mtu haifumuliwi akiwa hayupo. Ukiona kosa unamwekea mwenyewe mapajani unamwuliza, "Hapa ulipitia wapi?" Atakujibu au atafumua mwenyewe.

Mimi nilikuwa na vidole vyepesi, na watu walikuwa wameshanisifu mno. Sifa kwa mtoto ni kama chumvi, ikizidi chungu chote kinamwagwa.

Dada yangu Tatu alikuwa anaolewa Dutumi, na mkeka uliokuwa unasukwa ulikuwa wake. Ukili wa pembeni aliachiwa Bi Mwanahawa, mwanamke mtu mzima, mpole, ambaye hakuwa na maneno mengi. Nikautazama ule ukili wake nikaona upande mmoja umelegea. Nikasema moyoni, huyu amezeeka. Siku moja alipokwenda msibani nikaufumua wote, nikausuka upya, nikaukaza ukakazika. Kesho yake barazani, naye Bi Mwanahawa yupo, nikauinua juu watu wauone.

"Tazameni," nikasema. "Bi Mwanahawa siku hizi anasuka huku anasinzia. Nimemmalizia."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwanahawa, umepata binti wa kukupokonya kazi." Wakacheka tena.

Bi Mwanahawa akauchukua ukili akaupitisha vidoleni mwake, polepole, mwanzo hadi mwisho. Akauweka chini.

"Sawa," akasema. "Fanyeni mnavyoona."

Akakung'uta vipande vya miyaa kwenye kanga yake, akaenda kwake. Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja.

Tukaushona mkeka bila yeye. Ulipotandikwa, pembe zikainuka kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Tuliukalia, tuliuwekea mawe, tukiinuka nao unainuka. Ndipo mama akaelewa. Uzi wa pindo ukivutwa hula ule ulegevu wa ukili wa pembeni. Usipokuwepo ulegevu, uzi unaula mkeka wenyewe. Na kipimo cha ulegevu ule alikuwa nacho Bi Mwanahawa peke yake.

Mama akanituma nikaombe radhi. Nikaenda, lakini nikazunguka kwa nyuma, nikaingilia uani, nikamkuta jikoni anasonga ugali.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

Akaendelea kusonga. "Nani amekuona ukija?"

"Hakuna mtu."

"Najua. Ndiyo maana umepita uani." Akaweka mwiko pembeni. "Sikiliza, binti. Umenifumua barazani, unataka kunishona jikoni. Uzi huo haushiki. Nenda."

Nikaenda. Kusimama barazani nikashindwa, nilikuwa na kiburi na aibu pamoja, na hivyo viwili vikikaa kwenye kifua kimoja mtu hapumui. Siku zikapita. Harusi ikafika. Tatu akaenda kwa mumewe na mkeka wa kununua sokoni. Wakwe walipoukunjua wakaushika, wakatazamana, wakaukunja tena.

Baada ya harusi ndipo niliposimama mbele ya wanawake walewale, nikasema nilifumua kazi ya mtu akiwa hayupo, nikamcheka, na kosa lilikuwa langu. Maneno hayakufika hata kumi na tano. Kesho yake Bi Mwanahawa alikuja, akakaa mahali pake, akasema, "Leteni huo ukili." Akanifundisha ule ulegevu, kidole kwa kidole. Mkeka ukamfuata Tatu baadaye. Lakini mkeka unaofika baada ya harusi ni mkeka tu, si wa harusi. Tatu hajawahi kunisema, nami sijawahi kuusahau.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi dole langu limepona mara nyingi.

Sasa nije kwa huyu mjukuu wangu Zuhura, ambaye ameniruhusu nimseme, na asingeniruhusu ningemsema vilevile.

Zuhura naishi naye hapa Kibaha. Jumamosi anafundisha wasichana kompyuta kwenye chumba kimoja kule Mlandizi. Wengine wanatoka Janga, wengine Dutumi. Anawafundisha lugha ya kompyuta inayoitwa Smalltalk. Chombo cha kuiandikia hakina mwenyewe mmoja. Ni programu huria, ya wote: ukiitaka unaichukua bure, ukiona kasoro unaandika kwenye baraza lao la mtandaoni, watu wa nchi mbalimbali wanasoma, wanabishana, wakikubaliana wanairekebisha. Alipokuwa ananieleza nilikuwa nachambua kisamvu, nikamwambia, "Mke mwenzangu, hao wanasuka ukili."

Kitu kimoja cha chombo hicho nilikipenda. Mtu akikosea, kazi yake haifi. Inasimama palepale, linafunguka dirisha linalomwonyesha palipokatika, anaunga, kazi inaendelea. Ni kama chane ikikukatikia mkononi: huanzi mkeka upya, unachomeka nyingine.

Lakini kompyuta za Mlandizi ni kuukuu, na dirisha lile lilikuwa linachelewa kufunguka. Zuhura akachunguza akakuta kabla ya kufunguka linaficha kwanza nakala ya kazi yote. Akaona hakuna haja. Aliyeiandika sehemu hiyo ni mzee mmoja wa mbali, ameilea miaka mingi bila malipo, na yupo kwenye baraza lilelile. Zuhura angeweza kumwuliza. Badala yake akawaandikia wote kwamba sehemu ile itolewe, ni mbwembwe za kizamani za mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Akaja kunisomea, anacheka. "Bibi, wamenikubali. Mmoja kaandika eti hata yeye alikuwa anaogopa kusema. Mzee kachemka."

"Mwenyewe amejibuje?"

"Hajakataa. Kaandika, 'Sawa, fanyeni mnavyoona.'"

Nikaacha kuchambua. Mtu mzima akisema fanyeni mnavyoona, mwanangu, usidhani amekubali. Ameshainuka. Nikamwambia Zuhura hivyo, akasema, "Bibi, haya mambo ya kiufundi." Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu mimi, nalo naliandika hapa. Ilinipasa kumweleza habari za Bi Mwanahawa siku ileile, lakini aibu ya zamani ni kama kovu, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Wakaitoa ile sehemu. Dirisha likawa linafunguka upesi, wasichana wakafurahi. Wakaandaa kazi zao za kuwaonyesha wazazi, maana wazazi wengine walikuwa wanasita. Baba wa msichana mmoja wa Dutumi alikuwa amesema wazi: nitakuja nione, nikiona upuuzi binti anarudi shamba.

Jumamosi hiyo wazazi wamekaa kwenye mabenchi, umeme ukakatika. Ni jambo gani la ajabu hilo hapa kwetu? Uliporudi, kazi za wasichana hazikuwepo. Walikuwa wamezoea chombo kinajifichia nakala chenyewe, hawakuwa na tabia ya kuhifadhi wao. Ile nakala Zuhura aliyoiita mbwembwe ilikuwa imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi, ambao umeme wetu ni mgeni, unakuja unapotaka. Wenzake wa nchi za umeme wa kudumu wasingeweza kulijua hilo. Zuhura wa Kibaha ndiye aliyepaswa kulijua, na ndiye aliyeitoa.

Yule baba wa Dutumi akatazama kioo cheusi, akainuka, akaondoka na binti yake.

Zuhura akaandika kwenye baraza kwamba sehemu ile irudishwe. Wakajaribu. Dirisha likagoma, maana wengine walikuwa wameshashona vitu vyao juu yake. Aliyejua lilivyofungamana ni yule mzee tu, na yule mzee alikuwa kimya.

Zuhura akanijia macho mekundu. "Bibi, nimeamua kumwandikia. Nitamtumia barua ya pembeni, mimi na yeye tu."

"Ulipomcheka ulimwandikia pembeni?"

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nimekuuliza."

"Hapana, Bibi."

Nikamwambia aketi. Nikamweleza ya Kibuta, ukili, jiko, harusi ya Tatu, yote niliyowaeleza hapo juu. Mwisho akasema, "Lakini Bibi, lile baraza lina watu mamia."

"Basi ulimvua mbele ya mamia. Kamvishe mbele ya mamia."

Akaandika, akanisomea kwa Kiswahili. Mwanzo ulikuwa mzuri: nimekosea, nilikudharau, sikukuuliza. Kisha akasema, lakini kwa kweli dirisha lilikuwa linachelewa sana.

"Toa hiyo lakini," nikamwambia.

"Bibi, ni kweli lilikuwa linachelewa."

"Najua ni kweli. Siku ya kuomba radhi si siku yake. Msamaha wenye lakini ni tusi lililooga."

Akacheka kidogo, akaitoa, akapeleka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili watu wawili, watatu wakaandika kwamba hata wao walicheka na wanaona haya. Siku ya tatu mzee akajibu. Hakusema nimekusamehe. Aliuliza swali tu: "Huko kwenu umeme hukatika mara ngapi kwa wiki?"

Zuhura akamjibu kwa urefu, akamweleza na kompyuta kuukuu, na ule uzito wa dirisha. Sasa ndiyo ulikuwa wakati wake. Mzee akasema hakujua kama kuna watu wanatumia mashine kuukuu namna hiyo, naye hakuwahi kuulizwa. Wakabishana wiki mbili, na safari hii walikuwa wanabishania kazi. Yeye anaandika, Zuhura anajaribu Mlandizi, anamrudishia habari. Sasa dirisha linaficha kile kilichobadilika tu, si kazi yote. Linafunguka upesi, na umeme ukikatika kazi ipo.

Wasichana walirudia kazi zao. Wazazi waliitwa tena, wengi wakaja. Yule binti wa Dutumi hakurudi. Zuhura amekwenda kwao mara mbili na baba yake amempokea vizuri, amempa maji, amekataa. Naandika hili ili mtu asidhani kuomba radhi kunarudisha kila kitu. Kunarudisha mtu, ukibahatika. Siku hairudi.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Macho makali ni neema, usiyafumbe. Kazi ya wengi bila kukosoana inaoza. Ila kabla hujasema kitu hiki ni cha kijinga, mwulize aliyekiweka alikuwa anaogopa nini. Huenda alikuwa anakuogopea wewe. Ukimcheka mtu mbele za watu, usimtafute pembeni ukadhani mmemaliza. Rudi palepale, kwa watu walewale, useme kwa maneno machache yasiyo na mkia. Na wewe mzee mwenzangu unayejua jambo, usiseme fanyeni mnavyoona ukaondoka na kipimo mfukoni. Bi Mwanahawa nampenda, lakini siku ile naye angeweza kunizaba kofi akanionyesha, na Tatu angekwenda na mkeka wake.

Mwenyezi Mungu awape jicho la kuona kosa, subira ya kuuliza, na mgongo wa kusimama mbele za watu mkisema ni mimi. Awape wazee wasiowachoka, nanyi msiwachoke.

Hapa nyumbani nimeshasema, na Zuhura na wote walio chini ya bati hili wamesikia: kuanzia sasa mtu asifungue kilichofungwa na mwenzake, hata kama ni kamba ya kuanikia nguo, mpaka amwite mwenyewe kwa jina, aje, wasimame hapo wawili.