Tano Tisa kwa Kila Mtu

Shemeji yangu ni fundi wa friji, na ni fundi kweli, hilo simnyimi. Anaweka sikio mgongoni mwa friji lako, anasikiliza linavyokoroma, halafu anakutajia ugonjwa wake kabla hujamaliza kueleza. Halewi, hagombani na watu, na dada yangu hajawahi kulala njaa kwake. Lakini kuna siku mbili kila mwaka ambazo mtu huyu hunitia kinyaa mpaka nashindwa kumtazama usoni.

Ni siku za mashindano ya redio. Sisemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Hii ni ile ya kuongea na watu wa mbali, na waya wake ameutandaza kutoka paani hadi kwenye mti wa kuanikia nguo zetu. Jumamosi na Jumapili watu wazima na ndevu zao wanajifungia vyumbani, kila mmoja kwao, wanaitana. Ukimpata mtu mnatajiana majina ya redio, ambayo ni herufi na namba tu, mnapeana alama, unaandika pointi yako, unamwacha hapo hapo. Humjulii hali, hutaki kujua kama kwao kumenyesha. Eti hiyo ndiyo starehe.

Na ile alama ndiyo inayonichefua kuliko yote. Namba ya kwanza, mwisho wake tano, inasema maneno ya mtu yanaeleweka kiasi gani. Ya pili, mwisho wake tisa, inasema sauti yake ina nguvu gani. Tano tisa, basi, ni mtu unayemsikia kama mmekaa naye kochi moja. Lakini siku ya mashindano tano tisa hupewa kila mtu, hata anayesikika kama mbu ndani ya chupa.

"Tano tisa, nakupata safi kabisa! Rudia jina, sijalisikia. Rudia tena."

Nikamwuliza, "Shemeji, kama unampata safi, mbona unamkaririsha kama mtoto wa chekechea?"

"Ndiyo desturi yetu, shemeji. Ukianza kumpima kila mtu kwa kweli, wenzako watakuacha mbali."

Mtaani wakambandika jina la Tano Tisa, naye akalipokea kama cheo.

Mimi ni fundi cherehani na nashonea sebuleni kwao. Mwaka huu dada, ambaye ana akili zake, aliomba mwenyewe zamu za Jumamosi na Jumapili kwenye dobi la hospitali, akaniachia mumewe. Cherehani yangu ya umeme ikapigwa marufuku kwa sababu inaleta kelele redioni. Friji nalo likazimwa kwa kosa hilo hilo. Mganga hajigangi: fundi wa friji anazima friji lake mwenyewe, maziwa yanachacha, nyama inatoa maji ya kijani, na yeye haoni wala hanusi. Chini ya meza yake alikuwa na dumu ili asipoteze muda kwenda chooni. Sitaeleza zaidi, mwenye pua ameshaelewa. Vile vispika vya kuvaa masikioni vilimletea majipu mwaka jana, kwa hiyo sasa anatumia spika ya kawaida, nyumba nzima ifaidi.

Jumapili mchana nilikuwa napiga pindo kwa mkono, nimefunga kanga puani, nikasikia sauti ninayoijua ikitaja jina lake la redio. Alikuwa Mwalimu. Mzee huyu alimfundisha shemeji fizikia shuleni, kisha akamfundisha redio, akampa na redio yake ya kwanza bila kutaka hata shukrani. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na sasa anaishi peke yake mtaa wa pili. Jumamosi walishaitana na kupeana tano tisa zao.

"Tumeshaandikiana, Mwalimu, asante," shemeji akasema. "Mwingine nani?"

Kwa sheria zao mtu huhesabiwa mara moja tu. Mara ya pili haina pointi, ni kupotezeana muda.

Kitambo kidogo, Mwalimu tena. Alitaja jina lake taratibu, akanyamaza, akangoja.

"Tumeshaandikiana, Mwalimu! Mwingine?"

Akaja mara nyingine, na safari hii sauti ilikuwa imepauka na pumzi zinasikika katikati ya herufi. Nikasimama mlangoni.

"Shemeji, Mwalimu hayuko sawa."

"Mwalimu nimeshamwandika."

"Sikuulizi kama umemwandika. Msikilize anavyohema!"

"Shemeji, nakuomba, kuna mtu wa kisiwa hapa, sijawahi kumpata maishani." Wala hakugeuza shingo. "Nikimpata huyu nashinda mwaka huu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilivaa ndala nikatoka mbio kwenda mtaa wa pili.

Mlango wa Mwalimu ulikuwa umerudishiwa tu. Nilimkuta sakafuni karibu na meza ya redio, mguu umepinda upande usio wake, stuli imelala pembeni. Alikuwa amepanda kukaza waya wa antena. Simu yake ilikuwa chumbani kwenye chaji. Kipaza sauti tu ndicho alichoweza kukivuta kwa waya wake mpaka chini, na alikuwa bado amekikumbatia.

"Mwalimu, kwa nini hukusema umeanguka?"

"Sikupewa nafasi, binti yangu," akasema, midomo mikavu. "Unataja jina, unangoja ujibiwe."

Ameteguka nyonga na bado anapanga foleni! Nilimpigia shemeji simu, kumbe ameizima, eti nayo inaleta kelele redioni. Majirani ndio walionisaidia kumbeba hadi kwenye gari. Daktari alituambia kwamba kwa umri ule, angelala pale hadi asubuhi, tusingemkuta.

Shemeji alikuja wodini jioni, mashindano yalipokwisha. Shati lile lile la tangu Jumamosi, kikwapa kinatangulia kuingia. Dada, aliyepanda kutoka dobi, alimtazama akasogeza kiti chake mbali.

"Mwalimu, nisamehe," akaanza.

"Huna kosa," mzee akamkata. "Mara ya pili haina pointi. Mimi ndiye niliyekufundisha. Kisiwa ulikipata?"

"Nilikipata."

"Safi sana."

Nikataka kutapika palepale juu ya shuka safi za dada yangu. Nikasema nyie wote wawili ni wagonjwa, na aliyelazwa ana nafuu.

Mwalimu akachezea upindo wa shuka. Kisha akasema, bila kumtazama, "Lakini ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mwalimu."

"Nipe ripoti. Ya kweli, si ya mashindano."

Siku mbili nzima shemeji alikuwa amewagawia tano tisa watu aliowasikia nusunusu. Huyu alikuwa mtaa wa pili, hakuna mlima wala bahari kati yao, na kila pumzi yake iliingia spikani.

"Tano tisa," akasema.

Mwalimu akageuza uso, akatazama ukuta.