Mtihani Uliongoja Jua

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kulitazama jua likizama. Mama alinipa kazi hiyo nikiwa bado mdogo, na sidhani alinichagua kwa uhodari. Alinichagua kwa sababu wenzangu walikuwa barabarani wakicheza, na mimi nilikuwa mlangoni nikiwaangalia, kwa hiyo nilikuwa karibu.

Sisi ni watu wa Sabato. Kwetu siku haianzi alfajiri. Huanza jua linapozama. Ijumaa, kabla halijazama, mama huwa amekwisha kupika chakula cha Jumamosi, amefagia, ameepua sufuria ya mwisho. Jumamosi likizama tena, kazi zinarudi. Huko magharibi mama alikozaliwa jambo hilo halina taabu, kwa kuwa jua unaliona mwenyewe likishuka nyuma ya kilima. Lakini sisi tunaishi mjini, mtaa wa Dandora, nyumba ya chini kabisa, na ghorofa zimesongamana hivi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumsalimia jirani. Chini kwetu giza huingia mapema. Na mama, maharagwe yake yakiwa hayajaiva, hakukubali kunyang'anywa Ijumaa yake na kivuli cha nyumba ya mtu.

"Panda juu ulitazame," aliniambia. "Likienda, nipigie kelele."

Juu ya paa letu la zege kuna kamba za nguo na matangi meusi ya maji. Nilikuwa nasimama kando ya tangi la mwisho, nikiangalia upande wa mjini. Jua likimalizika kabisa, lisibaki hata ukucha, nilishika ukuta na kuita: "Limekwendaaa!" Naye mama akajibu kutoka chini: "Haya, shuka!"

Shuleni mwalimu alilazimika kuja hadi dawati langu ili asikie jibu langu. Lakini kule juu nilipaza sauti hadi wauza mboga wa barabarani wakainua vichwa. Labda ni kwa sababu nilichokisema nilikuwa nimekiona kwa macho yangu.

Ni hapo juu pia nilipopenda mabomba. Wakati nikingoja jua, nilisikiliza maji yakipanda siku za mgao, bomba likikohoa kwanza, kisha likinguruma. Nilitaka kujua maji yanapata wapi nguvu ya kupanda ngazi zote zile wakati mimi nafika nikihema.

Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Sikuwa mjinga, ila mkono wangu huandika polepole, kama mtu anayevuka barabara akiwa amebeba trei ya mayai. Katika mtihani wa mwisho, karatasi ya insha ilichukuliwa nikiwa ndiyo kwanza namfikisha mhusika wangu sokoni. Baada ya hapo nilikaa nyumbani, nikamsaidia mama kuuza omena, vile visamaki vikavu, na kila Ijumaa nikapanda juu.

Halafu nikasikia kuhusu chuo kidogo cha ufundi upande wa Komarock. Walikuwa wanawachukua hata waliomaliza darasa la nane, mradi mtu apite mtihani wa kuingia. Walikuwa na kozi ya mabomba, na wanafunzi wapya walichukuliwa mara moja tu kwa mwaka. Nikajiandikisha. Mtihani ulikuwa Jumatano, saa mbili za kuandika. Nilijizoeza kila siku kuandika haraka, na kila siku niliishia kuandika vizuri badala ya haraka.

Jumatatu ujumbe ukaingia kwenye simu. Ndugu yangu mdogo, ambaye mdomo wote wa nyumba hii alipewa yeye, akaunyakua akausoma kwa sauti ya mtangazaji:

"Bomba limepasuka katika ukumbi wa mtihani. Mtihani umeahirishwa." Akaanguka kitandani kwa kicheko. "Chuo cha mabomba kimeshindwa na bomba! Sista, ingia mbio ukawaokoe!"

Sote tulicheka, hata mama. Kisha ndugu yangu akamalizia kusoma: "Hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Mama aliweka chini kisu cha kukatia sukuma wiki.

"Si aende tu?" ndugu yangu akasema. "Ni siku moja. Kwani jua lina dini?"

"Jua halina," mama akajibu. "Sisi tunayo."

Lakini hakunikataza. Aliniambia nimekuwa mtu mzima, na kwamba hataki siku moja nimlaumu yeye, ama kwa kwenda ama kwa kukaa. Nilikwenda juu ya paa ingawa haikuwa Ijumaa. Niliyataka yale mabomba. Niliitaka pia Sabato yangu, ambayo ndiyo siku pekee ya wiki ambapo hakuna anayeniuliza kwa nini sisemi. Niliposhuka, nilimwambia mama twende tuwaombe wanibadilishie siku.

Kesho yake tukaenda. Njiani nilikariri sentensi yangu: "Shikamoo mwalimu, naomba kufanya mtihani siku nyingine kwa sababu ya ibada." Ilikuwa sentensi nzuri. Mbele ya mwalimu wa mabomba, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtihani, ilikwama kwenye "mwalimu". Alikuwa mtu mpana, tepu ya kupimia imening'inia mshipini, viatu vyake bado vimelowa kwa yale mafuriko ya ukumbini. Mama akaisema badala yangu.

"Na yeye mwenyewe hana mdomo?" mwalimu akauliza.

"Anao," mama akasema. "Ila huutumia Ijumaa jioni tu."

Mwalimu alicheka hadi tepu ikagonga meza. Kisha akakuna kichwa. Siku nyingine haiwezekani, alisema, kwa kuwa wenzangu wakishatoka, maswali yatakuwa yamejulikana mtaa mzima. Akafikiri tena. Kukawa na njia moja: nije Jumamosi asubuhi kabla ya wote, nimkabidhi simu, nikae peke yangu stoo nisizungumze na mtahiniwa yeyote. Jua likizama, nianze.

"Jua likizama tu, karatasi ni yako," alisema. "Lakini saa mbili na nusu usiku soja anafunga geti. Hapo nachukua karatasi, umemaliza hujamaliza. Sawa, mama?"

Jua la kwetu huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimebakiziwa saa mbili kamili, bila hata dakika ya kupumua. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi hiyo niliipenda kuliko Jumamosi nyingi. Stoo ilikuwa imejaa mabomba ya kila unene, yamepangwa ukutani kama filimbi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasoma Biblia, nikaimba polepole. Mikono iliniwasha kushika zile spana, lakini siku ya kupumzika ni siku ya kupumzika, hata kwa spana. Asubuhi nilisikia viti vya wenzangu vikiburutwa, kisha kimya, kisha nikawasikia wakitoka wakibishana majibu, nikaziba masikio kwa vidole na kuimba kwa nguvu zaidi. Mchana mama alikuja kutoka kanisani pamoja na kina mama wawili wenzake, wakaleta chapati na ndengu zilizopikwa jana yake. Soja aliwaletea benchi nje ya geti, wakakaa hapo kuningoja. Mwalimu alipokea sahani yake akasema ndengu baridi ni tamu kuliko moto, akaongezwa.

Ilipofika kama saa kumi na moja na nusu, akafungua mlango wa stoo, karatasi mkononi, uso umechangamka.

"Haya dada! Jua limezama. Twende kazi."

Nilitoka nje nikatazama. Ua wa chuo ulikuwa kivuli kitupu. Taa ya geti ilikuwa imeshawashwa. Nyuma ya ukuta kulikuwa na ghorofa, na nyuma ya ghorofa hiyo ghorofa nyingine. Mtu yeyote angesema jua limezama, na mwalimu hakuwa anadanganya. Alisema anayoyaona.

"Ukianza sasa hivi," akaongeza, "una saa tatu nzima. Na ukimaliza mapema, mimi nitawahi mechi. Umebarikiwa wewe!"

Saa nzima ya ziada. Mtu anayeandika haraka hajui maana ya maneno hayo. Ningeweza kusoma kila swali mara mbili. Ningeweza kuandika kwa mwendo wangu mwenyewe, nikaweka nukta zangu zote, nikafika hadi swali la mwisho, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya maishani. Sikuhitaji kudanganya. Nilihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi niijuayo kuliko zote.

Nikainua kichwa. Juu kabisa ya ile ghorofa, kwenye madirisha ya mwisho, kulikuwa na mng'aro wa dhahabu. Nguo zilizoanikwa huko juu zilikuwa bado mchana.

"Bado," nikasema.

"Nini?"

"Bado, mwalimu. Halijazama."

Mwalimu aliniangalia kana kwamba bomba la ukutani limemsalimia. "Wewe! Toka asubuhi hujanena neno, na neno lako la kwanza ni kuukataa mtihani?"

"Siukatai, mwalimu. Twende juu ulione."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia mwalimu twende. Nafikiri miguu yangu ilikwishaziona ngazi. Chuo kile kina ghorofa tatu, na tulipanda mimi nikiwa mbele, mwalimu akihema nyuma na kunung'unika kuhusu mechi. Tulipotokea kwenye paa, akasimama ameshika kiuno.

Jua lilikuwa palepale. Lilikuwa kubwa, rangi ya dhahabu, limeelea juu ya majumba marefu ya mjini, wala halikuonekana kuwa na haraka ya kwenda popote. Mabati ya mtaa mzima yalikuwa yakiwaka. Mbali kabisa vilima vilionekana kama moshi.

"Kumbe lipo!" mwalimu akasema. "Miaka yote hii mimi hufunga ofisi nikidhani ni usiku."

Akatoa simu akalipiga picha, akamtumia mkewe. Kisha akapindua ndoo akakaa, nami nikasimama kama nilivyozoea kwetu, kando ya tangi la maji la chuo. Akaniuliza kwa nini nataka mabomba na si saluni kama wasichana wengine. Nikamwambia kuhusu maji yanayopanda ngazi. Nilimwambia mengi, sasa nikikumbuka. Yeye aliitikia "ehee", "ehee", macho yakiwa kwenye jua, na mechi hakuitaja tena.

Likashuka. Likawa nusu, likawa ukucha, likaisha. Na mimi, bila kufikiri niko wapi wala niko na nani, nikashika ukuta nikajaza kifua:

"Limekwendaaa!"

Mwalimu aliruka kutoka kwenye ndoo. Kutoka chini, nje ya geti, sauti ya mama ikanijibu palepale, kwa mazoea yake ya miaka yote: "Haya, shuka!" Kisha nikawasikia wale kina mama wakiangua kicheko, na kicheko kikageuka wimbo wa kufunga Sabato, na soja naye akaingilia kwa besi ambayo hakuna aliyejua anayo.

Nilishuka mbio nikaandika.

Niliandika polepole, kwa sababu sina namna nyingine ya kuandika, lakini sikuogopa. Nje waliendelea kuimba kwa sauti ya chini. Swali la mwisho lilitaka nichore jinsi maji yanavyotoka bomba la barabarani hadi tangi la juu. Nilichora kila kitu: bomba, pampu, koki, tangi, na boya la kufunga maji tangi likijaa. Nikaanza kuandika majina ya sehemu. Nilipofika kwenye boya, mwalimu akasema, "Muda, dada," akaivuta karatasi taratibu. Boya langu likabaki bila jina.

Huko nje mama hakuniuliza kama nimefaulu. Aliniuliza kama nimefika swali la mwisho. Nikasema ndiyo, nimefika. Akanikumbatia pale getini, akanibana hadi Biblia ikanichoma mbavuni, na soja akatupigia makofi.

Ujumbe ulikuja baada ya muda, nasi tukiwa sokoni. Ndugu yangu aliusoma kwa sauti yake ya mtangazaji. Alipofika kwenye "umechaguliwa" mama alirusha omena hewani kama mchele wa arusi, na paka wa Dandora wote wakasherehekea Sabato siku hiyo hiyo ya katikati ya wiki.

Sasa nasoma mabomba. Siku ya kwanza mwalimu alinipa karatasi yangu ya mtihani, akaweka kidole juu ya lile boya, akasema, "Anza hapa." Nikaliandika jina lake mbele ya darasa zima, polepole, nao walingoja.

Ijumaa narudi nyumbani kwa mguu, spana mkobani, kwa hiyo kazi ya paa amepewa ndugu yangu. Haifanyi vizuri. Anapenda kumaliza ili ashuke kwa rafiki zake. Ijumaa iliyopita nilikuwa ndiyo nakata kona ya kuingia kwetu, kivuli kimejaa njia nzima, niliposikia sauti yake kutoka juu: "Limekwenda!" Kisha kishindo cha mama akiepua sufuria.

Nikainua macho. Madirisha ya juu yalikuwa bado dhahabu.

Niliweka mkoba chini katikati ya njia, wauza mboga wote wakinitazama, nikaita kwa sauti yangu yote:

"Badooo!"

Na kutoka dirishani mwetu nikamsikia mama akicheka, na sufuria ikirudi motoni.